Ugali wa Mchele

Mzee Shaibu aliitazama sahani ya wali kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana asiage.

"Leo nani anaoa?" akauliza.

Swali hilo mzee aliliuliza karibu kila adhuhuri tangu warudi kutoka hospitali, na majibu yalikuwa yamemwishia Bi Sabiha. Alimsogezea bakuli la maji anawe, akaketi mkekani kando yake, akasubiri.

"Kula, Baba Munira. Kabichi nimeitia ndimu kama unavyopenda."

"Ndimu sina ugomvi nayo. Mimi naulizia harusi."

Alikula vijiko vitatu vinne kwa kumstahi, akasema alhamdulillahi, akasogea ukutani. Sahani ikabaki na kilima chake cheupe, na Bi Sabiha akaifunika kwa kawa huku akiomba kimoyomoyo.

Si kwamba mzee alikuwa na kiburi. Kwao Kondoa, vilimani, wali ulikuwa na siku zake: harusi, maulidi, Idi, au mgeni wa heshima akibisha hodi. Mtu akionekana anakula wali siku ya kawaida, majirani waliuliza kuna habari gani. Chakula kilikuwa ugali wa uwele, mzito, wa kijivujivu, na mboga ya mlenda pembeni. Vingine vyote, kwa maneno ya mzee, vilikuwa vya kupoza njaa wakati ugali unasongwa. Walihamia mjini, wakajenga nyumba mtaani Nkuhungu, wakamwoza binti yao Munira mtaa wa Miyuji, lakini kila mavuno gunia la uwele liliwafuata kutoka kwao kama mtoto anayemfuata mama sokoni.

Kisha figo zikachoka.

Daktari alisema hivyo hivyo: zimechoka, hazijafa. Zikitunzwa zitamfikisha mbali kwa uwezo wa Mungu, zisipotunzwa itabidi alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine ile ukishaanza nayo kuachana nayo ni shida. Wakapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, binti wa Kigogo aitwaye Evelina, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyokimbilia mlangoni mtu anapoongea.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba," alisema, akavuta kiti karibu. "Kwa mtu mwenye figo nzima, uwele na mtama na dona ni chakula bora, mtu asikudanganye. Lakini lile ganda la nafaka na kile kiini chake ndimo yalimo madini ya potasiamu na fosforasi. Figo nzima huyachuja na kuyatoa kwenye mkojo. Za baba haziwezi tena. Yanabaki kwenye damu. Na potasiamu ikizidi sana kwenye damu, moyo unaweza kusimama."

"Kwa hiyo ale nini?" Bi Sabiha aliuliza.

"Nafaka zilizokobolewa. Mchele mweupe, sembe, tambi, mkate mweupe, kwa kiasi. Kiazi au muhogo, mara mojamoja: menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga yale maji, tia mengine, chemsha tena. Ndizi ziache kwanza. Chumvi kidogo sana. Na haya ni kwa vipimo vyake yeye, mama. Mgonjwa mwingine wa figo anaweza kuambiwa tofauti, kwa hiyo usimfundishe jirani."

Bi Sabiha alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini alikuwa mtu wa kushika. Alirudi nyumbani na kila neno kichwani. Uwele uliobaki ghalani akampa jirani, asije mzee akausikia harufu.

Sembe ingewaokoa, maana angalau ni ugali. Lakini mzee na sembe walikuwa na lao. Ujanani mwake, mwaka wa njaa, alipanga foleni kupokea unga wa mahindi wa msaada, mama yake akiwa mgonjwa nyumbani, na alipofika na kibaba chake mama alikuwa ameshafariki. Akaapa mvua ikirudi hatoutia tena kinywani. Nadhiri ya mtu hujadiliani nayo. Bi Sabiha hakujaribu.

Basi mzee akawa anakonda. Saa yake ya mkononi ikaanza kuteleza hadi karibu na kiwiko. Kanzu ikamning'inia kama iliyoanikwa. Mustapha, rafiki yake wa msikitini, mtu asiyejua kuuma maneno, akamwambia siku moja wakivaa viatu, "Shaibu, ukisujudu shika mkeka. Upepo huu utakufikisha uwanja wa ndege wa Msalato kabla ya abiria."

Mzee alicheka mpaka nyumbani. Bi Sabiha aliposimuliwa hakucheka.

Akakaa na jambo lile. Mchele ndio anaoruhusiwa, ugali ndio anaoutaka. Akachukua mchele mzuri alioletewa na Munira, akaulowesha, akaukausha kwenye ungo, akauingiza kwenye kinu cha marehemu mama yake. Akatwanga, akachekecha, akatwanga chenga zilizobaki. Adhuhuri ile akasonga ugali wa mchele, mweupe kama kofia ya Ijumaa, akauweka mbele ya mzee.

Mzee akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akatafuna polepole akiwa ameangalia dari.

"Umbo ni la ugali," alisema. "Roho ni ya wali."

Alikula nusu. Nusu ilikuwa zaidi ya vijiko vitatu, lakini haikutosha, na Bi Sabiha alijua haitoshi. Ndipo akamkumbuka bibi yake.

Bibi yake alikuwa na dawa ya nafaka yenye ukali na mlenda mgumu. Alichoma mabua makavu ya mtama, majivu akayatia kwenye kibuyu kilichotobolewa chini, akamimina maji juu yake taratibu. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai iliyopungua majani, yanateleza kwenye vidole kama sabuni. Kijiko kimoja chunguni, na mlenda ulilainika, ugali ukapata ladha. Wajukuu wote walikua kwa maji hayo.

Bi Sabiha akaenda Msalato kwa wanawake aliowafahamu, akaomba mzigo wa mabua. Akachoma, akatoboa kopo la maziwa kwa msumari, akachuja. Moyoni mwake hapakuwa na wasiwasi hata chembe. Chumvi ni ile ya dukani, na ile aliipunguza kama alivyoambiwa. Haya yalikuwa majivu na maji, vitu vya Mwenyezi Mungu, visivyo na pakti wala bei. Akausonga unga wa mchele kwa maji yale, na mlenda kidogo akautia yale yale.

Ugali ukapoteza weupe, ukawa na rangi ya udongo mwepesi. Harufu yake ikajaa ua.

Mzee alimega tonge la kwanza, akalitia kinywani, akaacha kutafuna. Alimtazama mkewe kwa kitambo. Kisha akaendelea, la pili, la tatu, mpaka sahani ikaonyesha maua yaliyochorwa chini yake. Akalamba vidole kama kijana aliyetoka kulima.

"Upo mwingine?"

"Upo," alisema Bi Sabiha, na alipoingia jikoni kuuleta alisimama kwanza nyuma ya mlango, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baada ya swala ya alasiri alirefusha sijda ya shukrani mpaka magoti yakamuuma.

Hakumwambia alichotia. Jikoni kwa mwanamke kuna siri zake, na mzee hakuuliza.

Mwezi ule ulikuwa wa heri. Saa ilirudi kwenye kifundo cha mkono. Mzee alianza tena kukaa barazani akibishana na wapita njia. Siku ya kurudi kliniki Bi Sabiha alivaa baibui lake jipya, maana alikuwa anakwenda kusifiwa.

Hakusifiwa. Majibu ya damu yalipotoka, daktari alimwita muuguzi, mzee akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani kusikilizwa mapigo, akapewa dawa, akazuiwa kuondoka mpaka jioni. Potasiamu ilikuwa imepanda kuliko siku ile ya kwanza. Daktari alizungumza kwa upole, lakini neno mashine alilitaja mara mbili: kama haitashuka na kukaa chini, ndiko waendako.

Evelina aliwafuata pale kitandani. "Mama, baba anakula nini kingine? Uwele?"

"Haumo nyumbani."

"Mtama? Dona? Ndizi? Maharage?"

"Mchele, mwanangu. Mchele tu, nimeutwanga kwa mkono huu."

Evelina akamgeukia mzee. Mzee akatikisa kichwa kukana kula kingine. Na Bi Sabiha, akiwa amesimama pale na kikapu chake, akaanza kumshuku mumewe. Akamkumbuka Mustapha. Akakumbuka vile mzee alivyochelewa kurudi msikitini jioni nyingi. Nyumbani kwa Mustapha ni siku ya Ijumaa pekee ambayo ugali wa uwele hausongwi.

Asubuhi iliyofuata alikwenda. Alimkuta Mustapha mlangoni akitengeneza mguu wa kigoda.

"Shemeji, nakuomba usinifiche. Mzee akipita hapa, hula?"

Mustapha akaweka nyundo chini. "Ale hapa? Hata karanga anazikataa. Namwambia, Shaibu, karanga mbili tu, ananijibu, mke wangu hajaziruhusu. Mimi nilishamwambia, wewe hukuoa, wewe uliajiriwa." Halafu akaona uso wake, akaacha mzaha. "Wallahi, shemeji, hajala kitu kwangu."

Maneno yana miguu. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa ameshasikia. Alimkuta mkewe akichambua mchele uani, akaketi kwenye ngazi.

"Umeniulizia kwa Mustapha," alisema, bila kupandisha sauti. "Kama mtoto anayeshukiwa kuiba sukari."

"Niliogopa, Baba Munira."

"Najua. Mimi pia naogopa." Akazungusha saa yake. "Sijala kitu ambacho hakikutoka mkononi mwako, Sabiha."

Kwa jina lake alimwita mara chache sana maishani, na kila mara kulikuwa na sababu. Bi Sabiha aliinamia ungo. Neno lile lilimchoma kwa namna ambayo mzee hakuikusudia. Kama vyote vimetoka mkononi mwangu, alijiambia, basi mkono wangu ndio wa kutazamwa.

Kesho yake alipanda bajaji peke yake, akasubiri nje ya chumba cha Evelina mpaka alipokaribishwa.

"Mwanangu, usiniulize chakula gani. Nikueleze ninavyopika, tangu kuwasha jiko. Nikifika nilipokosea, ninyanyulie mkono."

Evelina akaweka kalamu chini, akasikiliza. Bi Sabiha akaeleza: mchele, kulowesha, ungo, kinu, kuchekecha. Evelina alikuwa akiitikia kwa kichwa. Sufuria, maji, moto wa mkaa usiwe mkali. "Maji yakichemka natia yale ya majivu, kijiko kimoja, wakati mwingine viwili, halafu…"

Mkono wa Evelina ulinyanyuka, taratibu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

"Majivu ya nini, mama?"

"Mabua ya mtama."

Evelina akafumba macho kidogo. "Bibi yangu kule Mvumi hutia kwenye mlenda mpaka leo," alisema. "Nimeula utoto wangu wote. Mama, mmea ukiungua, ile potasiamu haiungui. Inabaki kwenye majivu. Na ukipitisha maji juu yake, maji yanaikusanya yote, yanashuka nayo."

Nje mtu aliita namba ya mgonjwa mwingine.

"Kwa hiyo nilimwondolea ganda la uwele," alisema Bi Sabiha polepole, "nikamnywesha bua zima."

"Hukujua. Na mimi siku ile nilikuuliza unapika nini, sikukuuliza unatia nini. Nami ni mtoto wa huku huku." Akamshika mkono. "Ikiwa ni hilo, itashuka. Yamwage. Na ladha tutaitafuta mahali pengine: kitunguu saumu, ndimu, tangawizi kidogo. Unajua kukaanga mchele kabla ya kuutwanga?"

"Bila mafuta?"

"Bila mafuta, mpaka unukie. Moto peke yake hauongezi potasiamu."

Nyumbani Bi Sabiha alichukua lile kopo na chupa ya maji ya majivu, akayamwaga chini ya ukuta wa choo. Kisha akaenda kuketi mbele ya mumewe, akamweleza yote kwa mpango, hakuruka neno. Alipomaliza alisubiri lawama. Alikuwa amejiandaa nayo njia nzima.

"Nilijua," alisema mzee.

"Ulijua nini?"

"Majivu. Tonge la kwanza tu. Ni ladha ya jikoni kwa mama yangu." Akaangalia mikono yake. "Nilinyamaza. Nilidhani ukijua nimetambua utaacha kuyatia."

Bi Sabiha alimtazama mzee huyu aliyezeeka naye, akashindwa kuamua alie au acheke, na kwa kuwa hakuamua, vyote viwili vikaja. Mzee akampa leso yake.

Potasiamu ilishuka. Daktari aliposema hivyo, mzee alimwuliza kama imeshuka kiasi cha kumrudisha kwenye uwele, na daktari akacheka akasema hapana. Na hapo ndipo tabu iliporudi mlangoni, maana ugali usio na majivu ulikuwa tena na roho ya wali, na mzee akaanza tena kuacha nusu. Bi Sabiha alikaanga mchele ukaungua. Akakaanga tena ukawa mbichi ndani. Saa ikaanza tena safari ya kiwiko.

Katikati ya hayo Hanifu, mdogo wake Shaibu, akapiga simu kutoka Kondoa. Uwele umeiva, umevunwa, umepurwa.

Katika ukoo ule kulikuwa na jambo lisilovunjwa: uwele mpya hauliwi na mtu yeyote mpaka mkubwa wa nyumba aseme bismillah auonje. Watoto wanaweza kulia, mgonjwa anaweza kutamani, hauliwi. Baba yao alipofariki, mkubwa alikuwa Shaibu. Kila mwaka alipanda basi kwenda kuuonja. Mwaka huu hakuruhusiwa safari, kwa hiyo Hanifu angeuleta.

Mzee aliposikia, macho yake yalipata mwanga ambao Bi Sabiha hakuupenda.

"Siku hiyo," alisema, "usinisongee mchele wako. Nitakula sahani nzima ya uwele, nishibe kama mtu. Baadaye mnipeleke kwenye hiyo mashine yenu mnakotaka."

"Baba Munira."

"Nimechoka kula kama mgeni, Mama Munira."

Bi Sabiha alimpigia Evelina. Evelina akasema, "Kwa damu yake ilivyo sasa, tonge moja dogo la kuonja, mama, siku hiyo moja, halina neno. Sahani ndiyo siwezi kukuruhusu. Utamzuia?"

"Mimi simzuii mtu mzima kwa mkono," alisema Bi Sabiha. "Nitapika. Mengine nitamwachia Mungu."

Hanifu alifika alasiri na kifurushi cha uwele mgongoni na vumbi kwenye nyusi. "Shemeji, hii nyumba inanukia harusi," alisema akivua viatu, akashangaa kwa nini shemeji yake hakucheka.

Asubuhi yake Bi Sabiha aliingia jikoni mapema. Aliutwanga uwele mpya, akausonga kidogo. Kisha akachukua mchele, akaukaanga kwenye moto mdogo, mkono wake haukuacha kugeuza, akimsalia Mtume pumzi kwa pumzi ili asiharakishe. Safari hii haukuungua. Ulipata rangi ya kahawia nyepesi, ukanukia kama shamba lililopigwa na jua baada ya mvua. Akautwanga ungali na joto. Akausonga kwa maji matupu. Mlenda akaulainisha kwa moto wa muda mrefu, akautia kitunguu saumu na ndimu. Akatoa sahani mbili, akaziweka mkekani pamoja, ya uwele na ya mchele, wala hakuzitenganisha.

Hanifu alipiga simu kwao, akaiweka sauti ya juu. Huko Kondoa nyumba nzima ilikuwa imekaa. Watoto walisikika wakinyamazishwa, sahani zikigongana.

"Kaka, tunakusubiri wewe," alisema Hanifu.

Mzee alinawa. Akasema bismillah, akamega tonge la uwele. Halikuwa dogo. Bi Sabiha aliona hivyo, akakaza mikono magotini, akatazama mkeka.

Mzee alilizungusha tonge viganjani kwa muda. Kisha akaligawa katikati. Nusu akaitia kinywani, akafumba macho, akatafuna mpaka ikaisha yenyewe. Akanyoosha mkono, nusu nyingine akaipeleka kwenye midomo ya mkewe, mbele ya mdogo wake.

Hanifu akageuza uso kwa adabu. Kwao jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana.

Bi Sabiha alifungua kinywa, akapokea. Ulikuwa mtamu, na mchungu kidogo mwishoni, kama unavyopaswa.

"Tumeshauonja," mzee aliiambia simu. "Mungu ameubariki. Kuleni."

Kelele za watoto zilijaa chumba. Hanifu akazima simu. Mkono wa mzee ulikuwa bado karibu na sahani ya uwele, vidole vimelowa. Kisha akaisukuma sahani ile mbele ya Hanifu. Akaivuta ya mchele. Akamega, akabonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akatafuna akiangalia dari.

"Umeukaanga," alisema.

"Nimeukaanga."

"Kesho uuache dakika chache zaidi motoni." Akamega tonge jingine. "Na huyu Hanifu mwambie aache kunitazama. Hajawahi kuona mtu akila ugali?"

Hanifu akainamia sahani yake. Bi Sabiha hakula. Alibaki pale kando ya mumewe, akiyatazama matonge yakitoka sahanini moja baada ya jingine, mpaka maua yalipoanza kuonekana chini.